Kruza ya Zamani Kama Pikipiki ya Pili: Dalili, Chanzo Chake na Mahali pa Kusema Basi

Wanaonunua kruza ya zamani, yaani pikipiki nzito ya kukaa chini na kusafiri kwa starehe, iwe pikipiki ya pili hulalamika mambo yale yale. Haiwaki asubuhi. Inawaka, lakini bila choki inazima. Betri imenunuliwa juzi na leo imekufa. Breki ya mbele inabana yenyewe. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili chanzo cha kawaida kinatangulia, na ukaguzi wa macho na mikono unakuja kabla ya ule wa spana.

Nazungumzia hasa kruza za kati za Kijapani: Yamaha Virago 535 iliyoanza kuuzwa 1987, Honda Shadow VT600 ya 1988 na kuendelea, Suzuki LS650 Savage yenye silinda moja, Kawasaki Vulcan 750, na Yamaha XVS650 ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Naongeza Harley-Davidson Sportster 883 yenye injini ya Evolution, iliyotoka 1986. Hizi ndizo mtu wa kipato cha kawaida hukutana nazo sokoni Ujerumani, Uingereza au Marekani. Chache zimefika Nairobi na Dar es Salaam pia, na huko ugumu wake mkubwa ni spea.

Kabla ya dalili yoyote, elewa kwamba pikipiki hizi mara nyingi zimeharibiwa na kukaa kuliko zilivyochakazwa na barabara. Mwenye nayo alikuwa na usafiri mwingine, akaiendesha msimu mmoja, akaifunika turubai. Kruza ya miaka 25 yenye kilomita 15,000 huuzwa kwa sifa ya kutotembea, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Muulize muuzaji iliendeshwa lini mara ya mwisho, na mafuta yaliyomo kwenye tangi ni ya lini, ndipo uulize kilomita. Mimi ningelipa zaidi kwa yenye kilomita 60,000 inayotoka kila wiki na yenye risiti za huduma.

Mwombe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, shika injini kwa kiganja. Ikiwa ina joto, kuna tatizo la kuwaka baridi ambalo hutakiwi kuliona. Nenda na tochi, multimita (kipima umeme), kitambaa cheupe na chupa ndogo ya maji.

Ukibonyeza stata inatoa tiki tu, au kimya

Anza na betri. Ipime kabla hujafungua swichi: iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8, na ikiwa chini ya 12 imeisha. Kisha bonyeza stata huku ukitazama mita. Ikiporomoka chini ya volti 10, betri hiyo haina nguvu hata kama ilisoma vizuri ilipotulia. Hili ni kosa la bei ndogo, usiliache likuvunje moyo.

Betri ikiwa nzima, angalia vichwa vyake na waya wa athi unapofungwa kwenye injini. Unga mweupe au wa kijani unazuia umeme usipite. Halafu zifuate swichi za usalama: ya stendi ya pembeni, ya klachi, ya nyutro, na ile nyekundu ya kuzimia kwenye usukani. Pikipiki iliyokaa hushika vumbi na kutu ndani ya swichi hizi. Zichezeshe mara kadhaa, weka nyutro, vuta klachi, jaribu tena. Baada ya hapo ndipo ushuku rilei ya stata, yaani swichi ya umeme inayoiwasha mota, na mwisho mota yenyewe.

Ukilazimika kuazima umeme wa gari, injini ya gari iwe imezimwa.

Kuna sauti moja inayobadilisha hesabu: vyuma vinasagana wakati stata inazunguka na injini haishiki. Virago kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1980, 750 na 920, zina sifa mbaya sana kwa tatizo hili la gia za stata. Ukilisikia, acha kubonyeza. Kila jaribio linakata meno zaidi, na chembe za chuma zinabaki ndani ya injini. Kazi hiyo ni ya fundi aliyewahi kuifungua injini ya aina hiyo.

Inawaka kwa choki, ukiirudisha inazima, inamisi, haitulii sailensa

Kama una muda wa kuelewa tatizo moja tu, elewa hili.

Kabureta ina njia ndogo sana ya mafuta, jeti ndogo, inayohudumia injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka yenyewe bila kuvuta mafuta, na mwanzo wa kuvuta mafuta. Tundu la jeti hiyo ni dogo kiasi kwamba petroli iliyokauka ndani yake huacha gundi ya kuliziba kabisa. Choki huongeza mafuta kwa njia nyingine, kwa hiyo injini inaishi choki ikiwa wazi na kufa ikifungwa. Ukiona dalili hii kwenye kruza iliyolala, mara nyingi ni jeti ndogo.

Anza kwa pua. Fungua kifuniko cha tangi: petroli iliyooza hunuka kama rangi ya mbao ya zamani, haina ule ukali wa petroli mpya. Mulika ndani kwa tochi. Kutu ya rangi ya chungwa ukutani mwa tangi maana yake chembe zimeshateremka, na kusafisha kabureta bila kusafisha tangi ni kazi ya kurudia. Virago 535 inataka uangalifu zaidi: tangi lake kuu liko chini ya kiti na mafuta hupandishwa na pampu ya umeme, kwa hiyo usiridhike na unachokiona juu.

Kisha jua kama silinda zote mbili zinafanya kazi. Injini ya V, yenye silinda mbili zilizotanuka kama herufi V, huweza kunguruma kwa silinda moja na mgeni asijue. Iwashe ikiwa baridi, subiri dakika moja, dondoshea matone ya maji kila bomba la ekzosi karibu na injini. Upande ambao maji hayachemki umelala. Hamisha plagi, ya upande huu iende upande ule. Tatizo likihama na plagi, umemaliza. Lisipohama, angalia kofia na waya wa plagi, halafu ndiyo urudi kwenye kabureta ya upande huo.

Kabureta zikiwa safi na bado inasumbua, tafuta hewa ya wizi, ile inayoingia pasipotakiwa. Mipira inayounganisha kabureta na injini hupasuka kwa uzee, na nyufa huonekana ukiibinya kwa vidole. Wapo wanaopulizia spreya inayowaka ili kusikiliza kama injini itabadilika. Usifanye hivyo karibu na ekzosi ya moto. Chanzo cha nadra kidogo ni diafragma ya kabureta, utando wake mwembamba wa mpira, kutoboka: pikipiki inatulia sailensa vizuri lakini ukivuta mafuta inakuwa nzito na haipandi resi. Mwisho kabisa ni valvu zilizobana au mgandamizo kupungua, na hapo umeshahama kwenye magonjwa ya kukaa.

Uingereza ilifanya petroli ya E10, yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli, kuwa ya kawaida vituoni Septemba 2021. Mipira na sili za kabureta za miaka ya 1980 hazikuandaliwa kwa mafuta hayo. Ukinunua huko, weka bei ya seti ya sili kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Hatari iliyo karibu na tatizo hili ni petroli kuingia kwenye oili. Koki ya mafuta au sindano ya kabureta ikivuja pikipiki ikiwa imesimama, mafuta hushuka mpaka chini ya injini. Angalia kiwango cha oili na uinuse. Ikiwa imezidi alama na inanuka petroli, usiiwashe, wala usimruhusu muuzaji aiwashe. Oili hiyo haina uwezo wa kulinda beringi, na silinda iliyojaa petroli inaweza kupinda konrodi, mkono unaobeba pistoni, stata ikizunguka. Kwanza oili imwagwe na chanzo kizibwe.

Neno kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Fundi wa bodaboda anayefungua kabureta ya Boxer kila siku ana mikono ya kazi hii. Tofauti ni kwamba nyingi za hizi, si Savage wala Sportster, zina kabureta mbili, na baada ya kuzisafisha lazima zisawazishwe kwa geji za mvuto wa hewa. Muulize kama anazo. Bila geji, injini itatikisika na mtaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Milipuko midogo ya ekzosi unapoachia mafuta huwatisha wengi. Mara nyingi ni gasketi ya ekzosi inayovuja pale bomba linapoingia kwenye injini, au jeti ile ile ndogo iliyoziba kwa sehemu. Ikiwa ekzosi imebadilishwa na kuwekwa ya kelele, muulize muuzaji kama jeti nazo zilibadilishwa.

Inatembea vizuri, kisha betri inakufa njiani

Muuzaji atakwambia weka betri mpya. Usikubali kabla ya kupima. Injini ikiwaka na resi ikiwa karibu mizunguko 4,000 hadi 5,000 kwa dakika, betri isome takriban volti 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12.5 na kuzidi kushuka, hakuna chaji. Ikipita 15, regulata, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia betri, imeharibika kwa namna nyingine na itachemsha betri.

Chanzo cha kwanza ni plagi ya waya inayotoka kwenye koili ya chaji, inayozalisha umeme, kwenda regulata. Ivue uitazame: plastiki iliyoungua na kuwa kahawia ni jibu tosha, na dawa yake ni kuunganisha upya kwa viunganishi imara. Cha pili ni regulata yenyewe, hasa ikiwa imefungwa mahali pasipo na upepo. Kuibadilisha si kazi ngumu.

Cha tatu ni koili ya chaji iliyo ndani ya injini. Injini ikiwa imezimwa, chomoa plagi yake na upime waya zake, kwa kawaida tatu, kwa jozi: vipimo vilingane. Kisha pima kila waya na chuma cha injini: kusiwe na mawasiliano kabisa. Yakiwepo, koili imeungua. Kwenye pikipiki nyingi utafungua kifuniko cha pembeni, utaweka koili na gasketi mpya, umemaliza. Kwenye Vulcan 750 injini lazima itolewe kwenye chasi ndipo uifikie, na koili hiyo ina historia ya kuungua. Kwa hiyo Vulcan 750 isiyochaji inunuliwe kwa bei ya pikipiki mbovu, au iachwe.

Moshi, na oili iliyo mahali pasipostahili

Moshi wa bluu unaotoka dakika ya kwanza tu na kukoma ni sili za valvu zilizokauka, na mtu anaweza kuishi nao. Moshi wa bluu unaoongezeka ukipandisha resi ni ringi au silinda, na hapo injini inafunguliwa. Kwa zenye maji ya kupoza, kama VT600 na Vulcan 750, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto pamoja na maji yanayopungua ni gasketi ya hedi. Usiendelee kuiendesha.

Sportster iliyokaa miezi mingi inaweza kushusha oili kutoka tangi lake la oili hadi ndani ya injini, kisha ikiwashwa inaimwaga kwa nguvu kupitia njia ya kupumulia. Anayeona hivyo hudhani injini imekufa, na anayeona tangi liko tupu huongeza oili na kuharibu zaidi. Iwashe kwanza iache ijirudishie oili, ndipo upime. Savage nayo huvuja juu, kwenye kizibo cha mpira cha hedi. Kwa pikipiki hii uvujaji huo ni kitu cha kawaida. Unachafua, na unazibwa fundi akifungua kifuniko cha juu.

Kelele ya cheni juu ya injini

Mlio wa cheni kuchezacheza upande mmoja, unaopungua resi ikipanda, ni cheni ya taimingi, inayoendesha valvu, au tenshena yake, yaani kikazio chake. Kwanza hakikisha oili ipo na ni safi. Savage inajulikana kwa hili: cheni ikirefuka, kipande cha tenshena hutoka nje kupita kiasi na huweza kuchomoka. Muulize muuzaji lini kifuniko kilifunguliwa na kipimo cha tenshena kilikuwa kipi. Akikosa jibu, bei ishuke kwa gharama ya kazi hiyo.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, unaoongezeka ukibeba mzigo, ni beringi za krenki. Zima. Kwa bei ya kruza ya zamani, ukarabati huo mara nyingi unazidi thamani ya pikipiki yenyewe.

Resi inapanda, mwendo hauongezeki

Klachi inateleza. Kabla ya kulaumu sahani za klachi angalia waya wake, uwe na uhuru kidogo kwenye mkono. Kisha uliza oili gani iliyomo. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini. Inayofaa ina alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Kubadilisha oili mara mbili huponya klachi kadhaa ambazo watu walikuwa tayari kuzifungua. Gia ya pili inayochomoka yenyewe ukivuta mafuta ni habari nyingine: gia boksi imelika, na injini mara nyingi hupasuliwa katikati. Acha pikipiki hiyo.

Breki inabana, au mkono wake unafika mwisho

Hapa hakuna majaribio ya barabarani mpaka ujiridhishe. Inua gurudumu la mbele, bonyeza breki, achia, zungusha. Likibana, pistoni za kalipa, sehemu inayobana diski, zimeshika kutu au paipu ya mpira imevimba ndani na hairudishi mafuta. Angalia rangi ya mafuta ya breki kwenye kidirisha cha masta silinda, pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye usukani: yakiwa kama chai ya rangi, yamenyonya unyevu miaka mingi. Hubadilishwa kila miaka miwili, pikipiki itembee isitembee. Sehemu za Pwani, Mombasa hadi Mtwara, chumvi ya hewani huharakisha kutu ya pistoni hizi.

Kubadilisha pedi na mafuta unaweza kujifunza. Kufungua masta silinda au kalipa na kuweka sili mpya mpe fundi kama hujawahi kusimamiwa ukifanya. Breki ya ngoma nyuma haina mengi, ila kama mkono wa nje umepita alama ya mwisho, vitambaa vimekwisha.

Inayumba, au usukani unagota katikati

Tazama matairi kwanza, na usidanganywe na kina cha meno. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi hilo limekuwa gumu na halishiki barabara ya mvua hata likionekana jipya. Likipita miaka kumi, hesabu bei ya mapya hata kama muuzaji analisifia. Kwa Afrika Mashariki ulizia saizi kabla hujalipa. Virago 535 hutumia 140/90-15 nyuma, wakati maduka ya mtaani yamejaa matairi ya bodaboda ya rimu 17 na 18.

Gurudumu la mbele likiwa juu, geuza usukani polepole pande zote. Ukisikia unasita katikati kana kwamba kuna kishimo, konseti, yaani beringi za shingo ya usukani, zimekwisha. Zinabadilishwa. Pitisha kitambaa cheupe kwenye mabomba ya kromu ya shokapu za mbele. Oili inamaanisha sili. Lakini ukihisi vidoto vya kutu kwa kucha, sili mpya zitakatika tena, na mabomba ndiyo yatakayogharimu.

Mwisho piga magoti nyuma ya pikipiki uangalie kama magurudumu yako kwenye mstari mmoja. Angalia rangi iliyokunjamana au kupasuka chini ya shingo ya usukani, vizuizi vya usukani vilivyobonyea, na mistari ya kulehemu isiyofanana upande na upande. Chasi iliyopinda au kulehemiwa haina mjadala wa bei. Ondoka.

Mtetemo na mlio kutoka nyuma

Virago 535, XVS650 na Vulcan 750 hutumia shafti, chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni, na watu husema shafti haihitaji huduma. Inahitaji. Oili ya gia ya nyuma hubadilishwa, na meno ya shafti hupakwa grisi ya molibdenamu kila gurudumu linapotolewa. Yakiachwa makavu hulika mpaka siku moja injini inazunguka na gurudumu halishiki. Ukaguzi: gurudumu likiwa juu na gia ikiwa ndani, lizungushe mbele na nyuma kwa mkono. Kunakuwa na uhuru kidogo kila mara. Ukiwa mkubwa wenye mlio wa kugonga, gurudumu litolewe na meno yatazamwe kabla ya pesa kubadilisha mikono.

Namba hazilingani

Namba ya chasi imegongwa kwenye shingo ya usukani. Ilinganishe na karatasi herufi kwa herufi: logbook ya NTSA kwa Kenya, kadi ya TRA kwa Tanzania, hati ya usajili V5C kwa Uingereza. Uingereza unaweza pia kusoma historia ya MOT, ukaguzi wa chombo wa kila mwaka, bure mtandaoni, pamoja na maili zilizorekodiwa kila mwaka, na hapo utajua kama pikipiki imelala kweli miaka mingapi. Namba iliyosagwa au karatasi "zinazokuja baadaye" zinamaliza biashara hata kama injini inanguruma vizuri.

Ukishainunua

Itakaa tena, kwa sababu ni ya pili. Ikikaribia kulala zaidi ya mwezi, funga koki ya mafuta na umwage petroli ya bakuli za kabureta kwa skrubu za chini, injini ikiwa baridi na pasipo moto karibu. Jaza tangi lisipate nafasi ya unyevu. Betri iunganishe na chaja ndogo inayojizima, au ichomoe na kuijaza kila mwezi. Ukiiamsha usiiwashe dakika tano palepale ilipo na kuizima, maana unyevu unabaki ndani ya oili na ekzosi. Iendeshe nusu saa mpaka injini ipate moto kamili.